Gesti yangu iko jirani na uwanja wa Msalato. Siku ikija karantini, nitafaa?

MzeeWaGesti (Veyula, Dodoma)

Mbukwenyi wakuu.

Nina gesti huku Veyula, barabara ya kwenda Kondoa na Arusha. Nasema gesti, sijasema hoteli, msije mkadhani najikweza. Ni vyumba vilivyopangwa pande tatu za ua, milango yote inaangalia uani, kila chumba na choo chake ndani, mwarobaini katikati na tenki la maji juu ya mnara pembeni. Wateja wangu ni waliokuja mjini kwa vikao wakakuta gesti za mjini zimejaa, hasa wakati wa Bunge la bajeti. Jumamosi napata wale wa mnada wa Msalato, nyama na bia zimewazidi, hawawezi tena kuendesha gari.

Sasa kama mnavyojua, uwanja wa ndege wa kimataifa unajengwa hapo Msalato. Rais aliweka jiwe la msingi tarehe 30 Oktoba 2022, na tangu siku ile kila mwenye kibanda barabara hii anapiga hesabu za dola kichwani. Mimi nikapaka rangi, nikabadilisha magodoro.

Aliyenitia mchanga kwenye kitumbua ni mke wangu. Januari 2025 tulikuwa tunaangalia taarifa ya habari, Rais Samia akiwa hapa hapa Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, anatangaza kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitika Biharamulo, Kagera. Mke wangu akauliza, huo uwanja ukianza kazi halafu likaja gonjwa kama korona, watu wa ndege watawekwa wapi? Nikamjibu watapelekwa hotelini. Akasema, "Hoteli gani iliyo karibu na uwanja?" Nikaanza kuhesabu. Upande wetu huu ni sisi, na jirani yangu ambaye choo chake kiko nje.

Kwa hiyo naomba wenye uzoefu mnieleweshe. Mwaka 2020 waliotua kutoka nchi zenye maambukizi walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao. Jengo linafaa kwa sababu gani? Kuna kijana mmoja wa mambo ya utalii kaniambia bila ghorofa na kiyoyozi cha jengo zima siwezi hata kufikiriwa. Wahudumu wangu nitawalindaje? Mmoja ananyonyesha. Na kuna jambo lingine linanichanganya kuliko yote: mtu si anapimwa uwanjani? Akipimwa akaonekana hana kitu, tunamfungia ya nini tena?

Wa "ugonjwa wenyewe haukuwepo", naomba mpite tu. Nyungu nilijifukiza kama ninyi.

Chizi_Zabibu

Mkuu, ugonjwa haujaja, uwanja wenyewe haujafunguliwa, wewe umeshawaza kufungia wazungu. Fungua baa hapo, weka na mishikaki, mambo ya virusi waachie wenyewe. Halafu hiyo Marburg uliyoitaja haikuja na ndege, ilianzia kwetu. Sasa unampima anayeingia wakati ugonjwa uko ndani?

AfisaAfya_Mstaafu

Mzee wa Gesti, mbukwa. Nimestaafu kitengo cha afya mipakani. Nimekaa kwenye dawati la uwanja wa ndege muda wa kutosha kumjua abiria aliyemeza panadol kwenye ndege ili apite. Nitajibu kwa urefu, uvumilie.

Nianze na hilo linalokuchanganya, maana likieleweka hilo mengine ni mepesi. Kumbuka mgonjwa wetu wa kwanza wa korona. Alitua KIA, uwanja wa Kilimanjaro, tarehe 15 Machi 2020 akitokea Ubelgiji. Uwanjani alipimwa joto, hakuwa na homa, akapita. Alianza kujisikia vibaya akiwa tayari Arusha, akaenda hospitali mwenyewe, sampuli ikapelekwa Dar, na tarehe 16 Waziri Ummy Mwalimu akalitangazia taifa. Watu wakawatukana watu wa uwanjani kwamba walilala. Hawakulala. Kipimajoto kiliulizwa kama mama yule ana homa, kikajibu kweli kwamba hana. Hicho ndicho kinachoweza kujibu, basi.

Korona ilikuwa inaweza kukaa mwilini hadi siku 14 kabla ya kujionyesha, ingawa kwa wengi ilikuwa siku tano hivi. Sasa mfikirie abiria. Jumatatu kapimwa PCR, kile kipimo cha maabara, huko aliko, hana kitu. Jumanne ndugu wanamfanyia kasherehe ka kumuaga, anaambukizwa hapo. Jumatano kapanda ndege. Alhamisi yuko mbele yangu Dar na cheti safi ndani ya saa 72, nampima kile kipimo cha haraka, nacho kinasema hana, kwa sababu kipimo cha haraka kinahitaji virusi viwe vingi puani ndipo kivione. Cheti ni halali, kipimo kizima, na mtu ana maambukizi. Jumapili ndiyo anaanza kuambukiza watoto wa dada yake Area A, hapa Dodoma.

Hao ndio karantini inawasubiri: walioambukizwa juzi, ambao hakuna kipimo kitakachowaona leo. Ndiyo maana nchi zilizokuwa makini zilipima tena katikati ya karantini, hazikutegemea kipimo cha mlangoni peke yake.

PCR nayo ina kero yake ya kinyume. Inaweza kuokota mabaki ya virusi kwa mtu aliyepona wiki kadhaa nyuma, haambukizi mtu yeyote, lakini karatasi inasema anao. Nimeona mtu mzima analia dirishani kwa ajili ya karatasi hiyo, ndege inaondoka.

Kwetu sheria zilibadilika sana, na vijana wengi wameshasahau. Karantini ya siku 14 kwa watokao nchi zenye maambukizi ilianza 23 Machi 2020. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. 18 Mei zikaruhusiwa na karantini ikaondolewa, tukabaki na kupima joto. Mei 2021 ndipo ikaja PCR ya saa 72 kwa kila anayeingia pamoja na kipimo cha haraka akitua, dola 10 kwa Bara, na aliyetokea kwenye nchi zenye virusi vipya anakaa siku 14. Machi 2022 waliochanjwa kikamilifu wakaondolewa PCR.

Sasa jengo. Huyo kijana wa utalii amekudanganya, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Ghorofa na kiyoyozi cha pamoja ndivyo vilivyowaponza wenzetu. Melbourne, Australia, mwaka 2020, wasafiri waliwekwa kwenye hoteli nzuri za katikati ya jiji. Virusi vikatoka kupitia walinzi na wafanyakazi, vikaenda nao nyumbani. Sehemu kubwa sana ya wimbi la pili la jimbo la Victoria ilifuatiliwa ikaishia kwenye hoteli mbili tu, na wimbi hilo liliua watu zaidi ya 700.

Kisa cha Christchurch, New Zealand, Septemba 2020, ndicho nilichokuwa nawasimulia vijana kazini. Kulikuwa na msafiri ana maambukizi chumba kimoja, chumba cha jirani kuna watu wengine, hawajawahi kukutana naye. Wakaambukizwa. Kwanza watu wakashuku mfuniko wa pipa la taka waliloshika wote. Baadaye wakakaa kuangalia picha za kamera za korido. Siku ya kupimwa, muuguzi alisimama mlangoni kwa yule wa kwanza, mlango ukafunguliwa, akachukua sampuli, mlango ukafungwa. Zikapita sekunde 50, mlango wa jirani ukafunguliwa. Korido haina dirisha, hewa imesimama. Sekunde 50 zilitosha.

Kisha angalia kule Howard Springs, nje ya mji wa Darwin. Ile ilikuwa kambi ya wafanyakazi wa mradi wa gesi. Vibanda vya chini, kila kimoja na baraza yake, mlango unafungukia nje kwenye hewa ya Mungu. Tathmini ya serikali yao wenyewe iliisifu kuliko hoteli za mjini.

Umeshaona ninakoelekea. Ua wako na mwarobaini wako ni karibu zaidi na Howard Springs kuliko hoteli yoyote ya ghorofa hapa mjini. Korido huna. Hilo ni jambo kubwa.

Lakini usianze kushangilia. Kuna upepo wetu. Kuanzia Julai vumbi la Dodoma linawafanya wateja wafunge madirisha mchana kutwa, na chumba kilichofungwa ni korido ndogo. Utahitaji nyavu nzito, na kiyoyozi cha chumba kwa chumba kama kipo. Kuna maji: mgao ukikuta watu hawawezi kutoka na tenki limekauka, utajuta. Kuna mashuka, hayakung'utwi uani, yanaingia kwenye mfuko chumbani humo humo na yanafuliwa kwa maji ya moto. Kuna taka. Kuna mahali pa mhudumu kuvua na kunawa kabla hajashika mlango wa kwenda kwake. Na huyo anayenyonyesha, mpe mapokezi ya simu au vitabu vya hesabu. Asiingie uani kabisa.

Chizi_Zabibu, swali lako ni zuri hata kama umeliuliza kwa dhihaka. Marburg ni kinyume cha korona: mwenye Marburg haambukizi kabla hajaanza kuumwa, na siku za kumfuatilia ni 21. Kagera mwaka 2023 waliugua watu 9, wakafariki 6, na ikaisha tarehe 2 Juni. Kwa ugonjwa wa namna hiyo unamkagua anayetoka eneo la mlipuko, na waliomgusa mgonjwa hawasafiri. Ungekuwa umeziba ndege za kuingia Dar, ungekuwa umeziba shimo lisilo na panya.

BintiMnyaturu

Shikamoo mzee afisa. Mzee wa Gesti naye shikamoo.

Mimi niliwahi kuwa upande wa pili wa mlango. Nilikuja Singida kumzika baba, na Tanzania ilikuwa imewekwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza tangu Januari 2021. Wakati wa kurudi chuoni sheria ya hoteli ilikuwa imeshaanza, ile ya 15 Februari: usiku kumi, pauni 1,750, unalipa kabla ya kusafiri. Pesa ile ilikuwa ni mchango wa ndugu uliobaki msibani pamoja na mkopo. Sitaki kuieleza sana.

Hoteli ilikuwa karibu na uwanja wa Heathrow, jina lake halina haja. Dirisha halifunguki. Chakula kinaletwa kwenye mfuko wa karatasi, kinawekwa chini sakafuni mlangoni, mtu anagonga na kukimbia. Unapimwa kabla siku ya pili haijaisha, halafu ya nane. Kutoka nje kupunga hewa ni mpaka mlinzi aje akuchukue, na mlinzi ni mmoja kwa korido nzima.

Mzee, naomba nikwambie vitu ambavyo afisa hajavitaja kwa sababu hajawahi kufungiwa. Weka kigoda au meza ndogo nje ya kila mlango, chakula kisiwekwe chini. Mtu anayekula chakula kilichotoka sakafuni anajiona mfungwa. Weka beseni na sabuni, watu wafue nguo zao za ndani wenyewe. Na kila jioni mtu ampigie simu kila mgeni kumuuliza tu ameshindaje, kwa Kiswahili au lugha anayoijua. Mimi siku ya tatu nilikuwa naongea na feni ya chooni. Nilikuwa na msiba mbichi, na hakuna aliyejua, maana fomu haikuwa na sehemu ya kuuliza hilo.

DerevaWaKati (Manyoni)

Nyie wa ndege mna kigoda na simu ya jioni. Sisi Rusumo 2020 Rwanda walipotaka tukabidhi magari kwa madereva wao mpakani, tulikaa foleni tunapika ugali chini ya tela, choo porini. Tuligoma mpaka wakubwa wakakutana. Hakuna aliyesema dereva wa lori anahitaji baraza yenye hewa. Hewa tulikuwa nayo nyingi mno.

Mzee wa Gesti, ukijenga hiyo karantini, acha na uwanja wa kuegesha tela. Ugonjwa ukija safari hii utapita kwa ndege na kwa barabara hiyo hiyo iliyo mlangoni kwako.

MzeeWaGesti

Nimesoma yote, nikamsomea na mke wangu. Kwenye sekunde 50 alinizuia, akanirudisha nyuma nisome tena. Halafu akatoka uani kupima kwa hatua umbali wa kutoka chumba namba tatu hadi namba nne. Milango ile ipo mkabala, ua ni mwembamba pale upande wa jikoni. Ameshasema namba nne iwe stoo siku hiyo ikifika, na mimi sina la kubisha.

Binti pole sana kwa msiba wa mzee. Vigoda vipo, tulivinunua kwa fundi wa Kizota kwa ajili ya watu wa mnada.

Dereva, sehemu ya tela ipo, ila mkikata kona mnaniulia mti. Njoo tuongee.

Afisa, bado hujanijibu la pesa. Hao waliolipa wenyewe 2020 na huyu binti aliyelipa pauni, ni sawa? Mgeni akisema hana hela, mimi namtoa au namlisha? Jirani yangu anasema serikali itatuachia madeni.

AfisaAfya_Mstaafu

La pesa ni gumu na ndiyo maana nililikwepa.

Zipo Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilianza kutumika 15 Juni 2007, na nchi yetu imo. Ibara ya 40 inasema msafiri asitozwe kwa kuchunguzwa afya wala kwa karantini aliyolazimishwa kwa ajili ya kulinda umma, isipokuwa anayekuja kuomba ukaazi. Soma mwenyewe, haina mafumbo. Halafu ukaja ugonjwa wenyewe, nchi nyingi zikaiweka kando, Uingereza akatoza, nasi tukatoza, na abiria hakuwa na wa kumlalamikia.

Maoni yangu, na nimeyasema kazini mpaka nikaonekana mkorofi: ukimtoza mtu unamfundisha kudanganya. Mwenye pesa anakaa, asiye nazo anameza panadol, anabadili njia, anapita Nairobi kwa basi, anaandika kwenye fomu kwamba hakupita nchi fulani. Dola 10 za kipimo zilivumilika. Wiki mbili za hoteli kwa mwanafunzi au mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo anayerudi na mzigo kutoka Guangzhou ni mtaji mzima.

Kwa hiyo, wewe usikubali makubaliano ya mdomo. Nenda sasa hivi, wakati hakuna ugonjwa, kwa afisa afya wa kata, akupeleke kwa Mganga Mkuu wa Jiji. Omba waje wakague, waandike vyumba vingapi vinafaa na vipi havifai. Siku wakihitaji, mkataba uandikwe nani anamlipa mwenye nyumba, kwa usiku bei gani, na baada ya siku ngapi. Maji, barakoa za wahudumu, klorini na uchukuaji wa taka viwe juu ya nani. Bila karatasi hiyo, mgeni asiye na hela atakuwa wako, na mwenye nazo atakuwa wa mwingine.

Chizi_Zabibu

Bado nasema baa ingelipa zaidi. Lakini hilo la mkataba kabla ya ugonjwa nimelielewa. Mzee, hiyo namba nne ukiigeuza stoo, utaweka nini? Nina kreti za zabibu zinahitaji kivuli.

MzeeWaGesti

Lete kreti, ila ukisikia kuna ugonjwa uje kuzitoa siku hiyo hiyo. Jumatatu nakwenda kwa afisa afya wa kata. Mke wangu ameshaandika vipimo vya milango yote kwenye daftari la wageni, nyuma.

BintiMnyaturu

Mzee, kwenye hilo daftari ongeza na safu moja: "Kuna lolote tunalopaswa kujua?" Acha nafasi ya mistari miwili mitatu.

AfisaAfya_Mstaafu

Na namba ya simu ya ndugu yake wa hapa nchini. Siyo ile ya kule alikotoka. Ile haipatikani akishatua.